Mirathi na Nasaba: Kuufuata Umri wa Mzee wa Kyarumba kwa Karatasi za Urithi

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mrithi wa ardhi na vilivyo juu yake, na rehema na amani zimfikie Mtume wake, Bwana Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Hapana nyumba ya Kiislamu katika Kyarumba, na katika vilima vyote vya Bukonzo tangu Bwera mpaka Kasese, isiyokuwa na mzee wake anayetajwa. Huambiwa watoto kwamba mzee huyo ndiye aliyesilimu kwanza, au ndiye aliyekuja na msafara, au ndiye aliyesomesha chuo cha kwanza chini ya mti. Lakini mtoto akiuliza, Mzee huyo alizaliwa na nani? Mama yake alikuwa nani? Alioa wake wangapi, na kila mmoja alizaa nani?, aghalabu jibu hukatika katika jina la pili au la tatu. Ya wanaume hukatika baadaye kidogo. Ya wanawake hukatika mapema kabisa.

Wageni waliopita katika nchi hii waliandika vitabu, nao hawakumwandika mzee huyo. Stanley alipita Katwe mwaka 1889 pamoja na wapagazi wa Unguja, na Lugard akaja mwaka 1891 na askari wake. Wote wawili walihesabu mizigo, bunduki na vichwa vya watu, na majina waliyoyahifadhi ni ya wakubwa. Mtu wa kawaida, mwenye mke na mbuzi na deni la nguo dukani, huandikwa kwa ukamilifu siku moja tu, nayo ni siku mali yake inapogawanywa baada ya kufa. Siku hiyo hapana budi atajwe mkewe, ama wakeze. Watajwe wanawe wa kiume na wa kike. Mama yake akiwa hai atajwe. Wadai wake watajwe, na shamba lake lielezwe mipaka. Karatasi ya mirathi ndiyo historia ya mtu asiyekuwa na mwandishi wa historia. Makala haya yaeleza namna karatasi hiyo inavyosomwa, kwa nini ni chache katika Bukonzo, na ni hasara gani inayowapata walio hai pale isipoandikwa.

NJIA ALIZOPITA MZEE

Kwanza yafaa kufahamu kwamba Uislamu haukuingia katika nchi hii kwa mlango mmoja. Kwa hiyo anayemtafuta mzee wake asidhani ya kuwa kumbukumbu zake ziko mahali pamoja.

Mlango wa kwanza ulikuwa chumvi. Ziwa la chumvi la Katwe lilivuta watu wa pande zote tangu zamani, kutoka Toro, kutoka Ankole, na kutoka ng'ambo ya ziwa ambayo leo ni Kongo. Palipo na chumvi pana soko, na palipo na soko pana mgeni mwenye kanzu na tasbihi. Vidimbwi vya chumvi vya Katwe navyo humilikiwa na watu, na hurithiwa kutoka mzazi kwa mwana. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na kidimbwi hapo aliacha urithi ambao majirani zake waliujua.

Mlango wa pili ulikuwa askari. Mwezi wa Agosti 1891 Lugard alijenga boma Katwe, akaliita Fort George. Kisha akaenda mpaka Ziwa Albert, akawachukua Wasudani wa Selim Bey waliobaki baada ya Emin Pasha kuondoka, akawaweka katika maboma ya Toro pamoja na wake zao, watoto wao na watumishi wao. Maboma yale hayakudumu, lakini watu hawakuondoka wote, na wengi miongoni mwao walikuwa Waislamu.

Mlango wa tatu ulikuwa magharibi. Watu wa Manyema na wafanya biashara waliosema Kiswahili walikwisha kufika mpaka misitu ya Ituri na bonde la Semliki kabla ya mwisho wa karne ya 19. Mpaka wa serikali mbili, Waingereza upande huu na Wabelgiji upande ule, ulipatanwa mwaka 1910, ukawakata Bakonzo wa huku na ndugu zao Banande wa kule. Mtu aliyeoa Kasindi na kuzikwa Bwera alikuwa hajavuka nchi wakati alipoondoka nyumbani kwao; mpaka ndio uliomvuka yeye. Na mlango wa nne ulikuwa mashariki, kwa walimu waliotoka Buganda.

Mtafutaji akijua mzee wake aliingia kwa mlango upi, atajua pia aanze kuuliza wapi. Asipojua, aanze na karatasi ya mwisho, ile ya kufa kwake, arudi nyuma hatua kwa hatua.

KWA NINI KARATASI NI CHACHE

Serikali ya Himaya ilitunga sheria ya urithi mwaka 1906, na mwaka huo huo ikatunga sheria ya ndoa na talaka za Waislamu, iliyokubali nikaha zao na kuweka utaratibu wa kuziandikisha. Mtu angedhani kwamba tangu hapo mirathi yote iliandikwa. Haikuwa hivyo. Kwa amri ya serikali wenyeji wa Uganda walitolewa nje ya sheria ile ya urithi, wakaachiwa mila zao, na hali hiyo ikaendelea mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1972. Maana yake ni kwamba kwa muda wa zaidi ya miaka 60 mzee wa Kikonzo akifa, mali yake iligawanywa na ukoo barazani, au na mwalimu wa msikiti kwa kufuata faraidhi, au kwa kuchanganya yote mawili. Na mahakama kubwa haikupata habari ila pale watu walipogombana.

Katika Buganda mambo yalikuwa mengine, na tofauti hiyo yafaa kutazamwa. Mwanamfalme Nuhu Mbogo, ndugu wa Kabaka Muteesa wa Kwanza na mkubwa wa Waislamu wa nchi ile, alitajwa katika Mkataba wa mwaka 1900 akapewa maili za mraba 24 kwa ajili yake na wafuasi wake. Alipofariki mwaka 1921, mwanawe Badru Kakungulu, aliyezaliwa mwaka 1907, alikuwa bado kijana mdogo. Ardhi ile ilikuwa imepimwa na kuandikwa, na mrithi akajulikana. Ndiyo maana leo mtu aweza kufuata kutoka hati ile ya 1900 mpaka kilima cha Kibuli, ambako Kakungulu alitoa ardhi, na msikiti mkubwa ukafunguliwa mwaka 1951. Mstari mmoja katika mkataba, na mirathi moja iliyojulikana, vimehifadhi habari za baba na mwana, na za jamaa nzima iliyowategemea.

Shamba la Kyarumba halikupimwa hivyo. Lilikuwa la ukoo, mipaka yake ni miti na mito na maneno ya wazee. Alipokufa mwenye shamba, shahidi wa mgawo alikuwa jirani. Na jirani naye alipokufa, shahidi akafa.

Kisha zikaja taabu. Mwaka 1962 watu wa milimani walijitenga na utawala wa Toro chini ya Isaya Mukirane, na miaka iliyofuata nyumba zilichomwa, watu wakauawa na wengine wakakimbilia juu mlimani au ng'ambo ya mpaka. Jambo hilo halikutulia mpaka mwaka 1982, Charles Wesley Mumbere alipoteremka kutoka milimani. Mwezi wa Novemba 1996 waasi waliingia kwa njia ya Mpondwe, na jamaa nyingi zikahama tena. Anayekimbia usiku hubeba mtoto, na akiwa na mkono wa pili hubeba chakula. Kasha la karatasi hubaki ndani. Ndiyo sababu Msahafu ulioandikwa tarehe za kuzaliwa katika ukurasa wake wa mwanzo, ukionekana leo katika nyumba ya Kyarumba, ni hazina isiyokuwa na bei.

MAFUNGU YANAVYOSEMA

Juu ya uchache huo, karatasi moja ya mirathi yatosha kumjulisha msomaji mambo mengi, maana mafungu ya faraidhi hayakuwekwa kwa mapenzi ya watu. Yamewekwa katika Surat An-Nisaa, aya ya 11, ya 12 na ya 176, na kila fungu lina sharti lake. Basi anayejua sharti aweza kulisoma fungu kinyumenyume, akaijua jamaa ambayo hakuiona.

Tuseme imeonekana karatasi ya zamani iliyochakaa, majina yamefutika kwa maji, zimebaki hesabu tu: mbuzi 72 waligawanywa, mtu mmoja akapata 12, watu watatu wakapata watatu watatu, mmoja akapata 34, na mmoja 17. Asiyejua faraidhi ataona mbuzi tu. Ajuaye atasema hivi: 12 ni sudusi ya 72, nayo ni fungu la mama wa maiti pale maiti anapoacha watoto, kwa hiyo mzee huyu alikufa mama yake angali hai, basi yamkini hakufa mzee sana. Watatu waliopata watatu watatu jumla yao ni 9, na 9 ni thumni ya 72, nalo ni fungu la wake wa mtu aliyeacha watoto. Kwa hiyo mzee aliacha wajane watatu. Wamebaki 51; 34 ni mara mbili ya 17, na huo ni mgawo wa mwana wa kiume na mwana wa kike. Baba yake hakupata kitu, kwa hiyo alikwisha kufa. Hivyo karatasi isiyokuwa na jina hata moja imetaja watu saba: marehemu, mama, wajane watatu, kijana na binti.

Na mfano huo una mengine. Mjane akipata robo badala ya thumni, mzee hakuacha mtoto. Binti akipata nusu peke yake, hakuwa na ndugu wa kiume wala dada wa kurithi naye. Ndugu wa maiti akionekana amechukua baki, basi maiti hakuacha mwana wa kiume wala baba. Mume akiandikwa amepata robo katika mali ya mkewe, mke huyo aliacha mtoto, ama wa mume huyo ama wa mume wa kabla yake. Na hapo mtafutaji ameonyeshwa mlango wa ndoa ambayo jamaa waliisahau.

Kabla ya mafungu huja gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi. Orodha ya madeni ndiyo inayoonyesha kazi ya mtu. Anayedaiwa chumvi alikuwa mchukuzi wa Katwe. Anayedaiwa nguo alikuwa mchuuzi. Anayedaiwa mahari iliyobaki, amejulikana kuwa alioa na hakumaliza. Na wasia huonyesha mapenzi yake. Sheria haimruhusu mtu kumwusia mrithi ila warithi wenzake wakiridhia. Kwa hiyo jina lililomo katika wasia kwa kawaida ni la mtu asiyekuwa na fungu: mjukuu aliyefiwa na baba naye akazuiwa na ami zake, mtoto wa kulea, mtumishi wa zamani, au msikiti. Mara nyingi mjukuu huyo yatima ndiye babu wa wanaotafuta leo. Wao hushangaa kwa nini babu yao hayumo katika mgawo, kumbe yumo mistari mitatu juu yake.

MAJINA NA SIRI ZAKE

Katika Bukonzo majina yenyewe ni daftari. Mwana wa kwanza wa kiume kwa mama yake huitwa Mumbere, na binti wa kwanza huitwa Masika. Na Muhindo ni yule ambaye kuzaliwa kwake kumegeuza mfuatano, akaja msichana baada ya wavulana au mvulana baada ya wasichana. Majina haya yalibaki hata baada ya kusilimu, yakaungana na Yusufu, Hamisi, Zainabu na Halima. Basi pakionekana katika orodha moja ya warithi Mumbere wawili, hapana makosa ya mwandishi: ni mama wawili. Na pakiwa na Muhindo wala hayupo aliyemtangulia, hapana budi kuuliza aliyetangulia yuko wapi. Pengine alikufa mchanga, na kaburi lake halikutajwa tena.

Mwandiko nao wataka uangalifu. Barua za zamani ziliandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ambamo e na i hufanana, o na u hufanana, na p mara nyingi huandikwa kama b. Jina moja laweza kusomwa namna mbili au tatu, na watu wawili wakadhaniwa mmoja. Tarehe nazo ni za Hijra: miaka 34 ya mwezi ni karibu sawa na miaka 33 ya jua, hata aliyeandikwa amefariki na miaka 70, kwa hesabu ya jua alikuwa na 68.

Liko jambo zito zaidi katika majina, nalo ndilo linalowatia watu hofu ya kutafuta. Misafara iliyofika Manyema na Ituri ilikuwa na mabwana, na ilikuwa na watumwa. Feruzi, Almasi, Marjani, Mabruki, Faraji na Baraka ni majina waliyopewa watumwa wengi katika pwani na bara, ingawa waungwana pia waliitwa baadhi yake. Jamaa huambiwa kwamba mzee wao alikuwa Mwarabu wa Unguja au mtu wa pwani. Na afisa wa serikali naye aliandika neno Mswahili kwa kila aliyevaa kanzu. Karatasi huenda ikasema mengine.

Ushahidi bora wa jambo hili uko Pemba na Unguja, ambako kadhi na serikali waliandika mirathi ya watu wakubwa na wadogo. Utumwa ulifutwa kisheria huko mwaka 1897, na kwa masuria mwaka 1909. Baada ya hapo aliyekuwa mtumwa alipokufa, swali la kwanza lilikuwa, Nani mrithi wake? Kwa sheria ya walaa, aliyemwacha huru, au jamaa zake, huweza kurithi pale ambapo hapana mrithi wa karibu wa nasaba. Kwa hiyo watu walikuja mbele ya kadhi kuthibitisha kwamba marehemu alikuwa mume wao, mama yao, au ndugu yao waliyetoka naye bara, na maneno yao yakaandikwa. Mwanachuoni Elisabeth McMahon alizisoma karatasi hizo za Pemba, na katika kitabu alichokitoa mwaka 2013 alionyesha namna watu waliotoka utumwani walivyojijengea heshima, ndoa na jamaa mpya. Watu ambao hapana msafiri aliyewataja, wamejulikana maisha yao kwa sababu ya nyumba ndogo ya makuti iliyotakiwa kugawanywa.

Na mwenye kuona haya kwa ajili ya bibi aliyenunuliwa, atazame jumba la kifalme. Sayyid Said bin Sultan alifariki baharini mwezi wa Oktoba 1856, na binti yake Salme ameandika kwamba aliacha watoto 36, nao wote walizaliwa na masuria, wanawake waliotoka Circassia, Uhabeshi na nchi nyingine. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria ni muungwana, na ana fungu lake sawasawa na mtoto wa mke wa nikaha. Salme mwenyewe, ambaye mama yake Jilfidan alitekwa utotoni huko Circassia, alipata fungu lake katika mali ya baba yake. Waliotawala Unguja baada yake, Majid na Barghash, walikuwa watoto wa masuria pia. Ukoo ule haukupungukiwa na heshima kwa kuwataja mama zao.

Kisa cha Salme kina fundisho la pili. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, akabatizwa na kuolewa na Mjerumani, Heinrich Ruete, huko Aden mwaka 1867. Tofauti ya dini huzuia kurithiana; kwa hiyo ndugu zake waliokufa baadaye hakurithi kwao, na safari zake za mwaka 1885 na 1888 za kudai haki hazikumpa alichotaka. Angalikuwa mtu asiyeandika, jina lake lingalitoweka katika kila karatasi ya mirathi tangu mwaka ule, na mjukuu wa baadaye angalidhani alikufa kijana. Lakini aliandika kitabu chake, kilichotolewa Berlin mwaka 1886, na kwa hicho twajua kwamba aliyekosekana katika mgawo alikuwa hai. Katika Bukonzo, ambako jamaa moja huwa na Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti ndani yake, jambo hili si geni. Asiyeonekana katika mgawo wa Waislamu atafutwe katika daftari la ubatizo la parokia kabla ya kutafutwa makaburini.

NJIA YA KUTAFUTA

Kazi huanza nyumbani, tena kwa wanawake wazee, kwa sababu wao ndio waliowazalisha na kuwaosha maiti, na wao hukumbuka nani alikuwa mke wa kwanza. Maneno yao yaandikwe kama walivyoyasema, na jina la msemaji, na tarehe. Baada ya hayo ufunguliwe Msahafu wa nyumba, kasha la barua, cheti cha nikaha, tikiti za kodi, na daftari la kahawa. Aliyefanya kazi Kilembe, baada ya reli kufika Kasese mwaka 1956, yamkini alikuwa na karatasi ya kazi yenye jina la kijiji chake na la jamaa wa karibu.

Kisha huja hatua ya nje. Wilaya ya Kasese ilitengwa na Toro mwaka 1974. Kwa hiyo mambo ya kabla ya hapo hayatafutwi Kasese peke yake. Nyaraka za zamani za utawala wa Toro zimehifadhiwa Fort Portal, katika Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon, na humo huenda zikaonekana kesi za mashamba na za urithi zilizofika barazani. Nyaraka za taifa zilizokuwa Entebbe zimehamishiwa Wandegeya, Kampala. Mirathi iliyopelekwa serikalini hutafutwa katika mahakama na katika ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi, iliyowekewa sheria yake mwaka 1933. Kwa mzee aliyetoka pwani, Nyaraka za Zanzibar ziko Kilimani, mjini Unguja. Na kwa aliyetoka magharibi, swali lipelekwe kwa ndugu wa Kasindi, Beni na Butembo, maana kule ng'ambo aghalabu kuna mzee ajuaye nusu ya pili ya habari.

Habari ya mdomo na habari ya karatasi zikipingana, hapana haja ya kuharakisha kuitupa mojawapo. Mdomo hupamba, na karatasi huficha. Karatasi iliyoandikwa na wanaume wa ukoo mara nyingi imewaacha mabinti, nao walikuwapo. Kila moja iulizwe iliandikwa au ilisemwa na nani, naye alikuwa na faida gani.

HAKI YA WALIO HAI

Kuna watakaosema kwamba haya ni mambo ya wafu. Waama, yanawagusa walio hai zaidi. Katika vilima vya Kyarumba, juu ya bonde la Nyamugasani, ardhi ni kidogo na watu ni wengi. Shamba la kahawa hulisha nyumba na kusomesha watoto. Mzee anapokufa bila ya karatasi, wa kwanza kuondolewa shambani ni mjane asiyekuwa na mtoto wa kiume, na wa pili ni binti aliyeolewa mbali. Mwenyezi Mungu amewapa hao mafungu kwa kutaja, moja baada ya jingine. Na ukoo unaowanyima fungu huwanyima na jina, kwa kuwa asiyepewa kitu haandikwi. Miaka 50 baadaye mjukuu wa binti yule huja kuuliza kwao ni wapi, na hapana wa kumjibu. Dhuluma ya siku moja imekuwa ujinga wa vizazi vitatu.

Njia za kuandika sasa ni nyingi kuliko zile walizokuwa nazo waliotangulia. Katiba ya mwaka 1995 imezitaja mahakama za kadhi kwa mambo ya ndoa, talaka, urithi na ulezi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 imeleta cheti cha umiliki wa kimila, ambacho shamba la ukoo laweza kuandikwa kwacho. Mahakama ya Katiba mwaka 2007 ilifuta vifungu vya sheria ya urithi vilivyowabagua wanawake, na Bunge likairekebisha sheria hiyo mwaka 2022. Anayetaka kusimamia mirathi kiserikali huanza na barua ya mwenyekiti wa kijiji, cheti cha kifo na kumbukumbu za kikao cha jamaa. Na kumbukumbu hizo, zikiandikwa vizuri, ndizo zitakazosomwa na wajukuu.

Basi kikao cha jamaa kinapokaa baada ya maziko, msikiti ukiwa shahidi, yafaa yaandikwe mambo haya: jina la marehemu na la baba yake na la mama yake, majina ya wake zake, walio hai, waliokufa na walioachwa, watoto wa kila mama kwa jina la Kiislamu na la Kikonzo, madeni aliyodai na aliyodaiwa, mipaka ya shamba na majirani, fungu la kila mtu, na sahihi au alama ya kidole ya kila mrithi, wanawake kwa wanaume. Nakala moja ibaki kwa wasii, moja msikitini, na moja kwa binti mkubwa. Kwa sababu moto ukila nyumba moja, nyingine itasalimika. Tarehe iandikwe ya Hijra na ya Miladi.

Mtume, rehema na amani zimfikie, amefundisha kwamba haimpasi Mwislamu mwenye kitu cha kuusia kulala siku mbili bila ya wasia wake kuwa umeandikwa. Wazee wa Kyarumba waliofuata mafunzo hayo ndio wanaojulikana leo majina yao na ya mama zao. Na waliopitwa nayo, yawapasa wajukuu wawatafute kwa subira, karatasi kwa karatasi, na kila anayeonekana arudishiwe jina lake katika dua ya jamaa. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, wanaojulikana na wasiojulikana, na awajaalie walio hai kuwa waadilifu katika mafungu yao. Amin.